Maneno ya Mtoto wa Miaka Minne

Jibu lilitokea kwa herufi kubwa za kijani kwenye simu ya Prosper: msamiati wa aliyepimwa ulilingana na wa mtoto wa miaka minne. Chini yake palikuwa na katuni ya mtoto ameshika puto, na kitufe cha kuwatumia marafiki.

Aliyepimwa alikuwa mama yake mzazi, Tupokigwe, mjane wa kijiji cha Kinyala, karibu na Tukuyu, aliyelima migomba, chai na viazi tangu ujana wake, na aliyepata kiharusi masika yalipoanza. Mkono wa kulia ulikuwa umesharudi. Mguu uliburuta kidogo tu. Kilichokawia ni maneno. Alikuwa akianza sentensi vizuri, akafika katikati, kisha akasimama kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja limechukuliwa na maji.

Prosper hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa fundi umeme Dar es Salaam, na alikuja likizo akiwa na nia moja, kumchukua mama yake wakaishi pamoja Kimara. Mwenzake wa kazini ndiye aliyemwonyesha ile tovuti ya kupima msamiati. Picha inatokea, unataja jina lake kwa sauti, simu inasikiliza na kukuwekea alama. Kwa hiyo Jumapili, baada ya ibada, alimketisha mama yake kwenye benchi la barazani, akamshikia simu mbele ya uso, picha moja baada ya nyingine, mpaka mwisho.

Jibu alilisoma kwa sauti. Alidhani mama haelewi.

"Minne," alisema Tupokigwe. Akainuka, akaingia ndani, na tangu saa ile hakusema tena.

Prosper alilituma jibu lile kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, akaandika, "Mnaona hali ilivyo. Naenda naye Dar." Mdogo wake, Winfrida, alilisoma akiwa chumbani kwake katika mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu mjini, anasahihisha mitihani ya mwisho wa muhula. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari. Alisahihisha karatasi mbili zaidi bila kujua alichokuwa anasoma, akaifunga kalamu. Asubuhi iliyofuata alikuwa njiani kwenda Kinyala.

Ukungu wa Juni ulikuwa haujainuka alipofika. Alimkuta mama yake jikoni anamenya ndizi mbichi. Kisu kilikwenda vizuri, maganda yaliangukia mahali pake.

"Ugonile, Mama."

Tupokigwe aliinua macho, akatikisa kichwa, akarudi kwenye ndizi zake. Kabla ya hapo, hata siku ile ya kwanza hospitalini mdomo ukiwa umepinda, alikuwa akiitikia salamu. Winfrida alisubiri kidogo, kisha akatoka nje kumtafuta kaka yake.

Prosper alikuwa nyuma ya nyumba anarekebisha waya wa taa.

"Kaka, kwa nini ulimsomea?"

"Sikujua kama angeelewa."

"Yaani ulimpima kutaja, ukajijibu kuhusu kuelewa."

Prosper aliweka koleo chini. "Winfrida, usinifundishe kama wanafunzi wako. Mimi nalala Dar naota Mama anaungua jikoni, anataka kuita mtu, jina haliji. Atamwita nani? Wewe uko Tukuyu, mimi niko kule. Nikasema basi, tusibishane kwa hisia, tupate kipimo. Mashine haina upendeleo. Imepima, imetoa jibu."

"Hofu yako naielewa. Kipimo chako ndicho sikiamini."

"Hukiamini kwa sababu hulipendi jibu."

Neno hilo lilimwingia, kwa kuwa lilikuwa na ukweli ndani yake. Winfrida alikaa kwenye kigogo cha mti. Ni kweli hakulipenda jibu. Kama jibu lingesema mama yao yuko sawa, pengine naye angelituma kwenye kundi bila kuuliza swali. Lakini hilo halikumfanya aliache jambo. Lilimpa tu njia ya kuliendea.

"Basi tukipime kipimo," alisema. "Leo. Na jibu lolote litakalotoka, nitalikubali."

Prosper alikubali, kwa sehemu ili yaishe. Walipanda hadi kilimani karibu na kanisa, ambako mtandao hukamata vizuri, akafanya jaribio mwenyewe. Picha zilikuja haraka: gari, kijiko, pweza, jokofu, mbuzi ya kukunia nazi. Alizitaja zote bila kusita. Simu ikampa msamiati wa mtu mzima aliyesoma chuo kikuu. Prosper aliishia kidato cha nne, lakini hakubisha.

"Sasa turudi barazani," Winfrida alisema. "Kaa pale alipokaa Mama."

Barazani mtandao ulikuwa wa kuvizia. Picha zilikuja nusu, mduara ukazunguka, na saa ya kipimo ikaendelea kuhesabu bila kungoja. Mara mbili picha ilitimia wakati muda umeshakwisha. Mara moja alitaja picha iliyopita wakati iliyofuata imeshaingia. Prosper alianza kutukana chini chini. Jibu lilipotoka, alikuwa na msamiati wa mtoto wa miaka kumi na mmoja.

"Mtandao tu huo," alisema.

"Ndiyo. Na Mama alipimwa kwa mtandao huohuo. Rudia tena, ila safari hii taja maneno kama anavyoyataja yeye."

Prosper alimtazama. Wazee wengi wa huko, waliokulia Kinyakyusa, Kiswahili chao hakina zeta; z kwao ni s. Wote wawili walikuwa wamekua wakisikia hivyo, wala haikuwahi kuwa jambo la kusemwa. Ilipotokea picha ya glasi ya maziwa, Prosper akasema, "Masiwa." Simu ikaweka alama nyekundu. Ikaja meza. "Mesa." Nyekundu. Winfrida aliomba simu, na ilipotokea picha ya maji akayataja kwa Kinyakyusa, "Amisi." Nyekundu. Ikaja ile mbuzi ya nazi, na yeye, mwalimu wa Kiswahili, akasita, maana alikuwa ameiona kwa macho mara moja tu katika maisha yake. Muda ukapita. Nyekundu.

"Mama aliitaja hii?" aliuliza.

"Alisema kiti."

"Na ni kiti. Watu wanakikalia."

Prosper aliichukua simu yake, akaizima kabisa, akaitia mfukoni.

"Sawa," alisema. "Kipimo kibovu. Lakini kipimo kuwa kibovu hakumponyi Mama. Nimemsikia mwenyewe, Winfrida. Jana asubuhi, kabla ya kanisa, alitaka kunituma chumvi. Alinyoosha mkono, akatafuta, akatafuta, mwisho akalia. Hiyo haikuwa simu."

Walikubaliana hivi: kabla likizo ya Prosper haijaisha, mjomba wao Asajile, mdogo wake Mama, angekuja na ukoo ungekaa. Kama hadi siku hiyo hapatakuwa na kitu cha kuaminika zaidi ya ile tovuti, na zaidi ya kile kila mmoja alichokiona kwa macho yake, Mama angekwenda Dar.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumfanya Mama akubali kupimwa tena, na hiyo ndiyo ilikuwa ngumu. Winfrida alihamia Kinyala na begi lake. Alikwenda na mama yake shambani, akachota naye maji, akakaa naye motoni. Kila alipogusia habari ya kupima, Tupokigwe alifunika mdomo kwa kiganja. Jirani yao Beatrice, aliyeimba naye kwaya kwa miaka mingi, alikuja akaongea peke yake jioni nzima, akaondoka amechoka. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu, wakiwa wanapepeta maharage, Winfrida alibadili njia. Badala ya kuomba, alisimulia. Alieleza jinsi picha zilivyochelewa, jinsi simu ilivyokataa masiwa na mesa, na jinsi Prosper, kwenye benchi lilelile, alivyopewa miaka kumi na mmoja.

Tupokigwe aliacha kupepeta.

"Kumi na... moja?"

"Kumi na mmoja, Mama. Na alikuwa anatukana."

Mabega ya Tupokigwe yalianza kutikisika. Alicheka bila sauti, kisha kwa sauti, mpaka akafuta macho kwa upindo wa kitenge. Alipomaliza alisema, "Pima."

Winfrida alikuwa amejiandaa. Alikusanya vitu vya palepale nyumbani, akakataa kutumia picha, akauliza kwa Kinyakyusa. Aliinua mhindi: ifilombe. Maziwa ya mgando kwenye kibuyu: ulukama. Jembe, kikapu cha kuchumia chai, jani la mgomba, kifuniko cha chungu. Tupokigwe alikwenda taratibu, lakini karibu vyote alivitaja. Alipokwama, Winfrida alimwangalia kwa upendo na kusubiri, na neno likaja. Jioni ile Winfrida alitembea mpaka kilimani kwenye mtandao akiwa ameliandika jibu lake kwa asilimia, tayari kulituma kwenye kundi. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kitu kilimzuia. Aliona kwamba alikuwa anakaribia kufanya kile alichokifanya Prosper, tofauti ni kwamba jibu lake lilikuwa zuri. Akalihifadhi. Kwanza aende kwa mtu anayeijua kazi hiyo.

Mtu huyo alipatikana Mbeya, katika kitengo cha utengamao cha hospitali alikolazwa Mama mwezi Machi. Jina lake Hosea, mwanamume mrefu, mtaratibu, aliyekuwa akiwafundisha wagonjwa wa kiharusi kuvaa, kula na kusema upya. Alikuwa mzaliwa wa Mwakaleli, Mnyakyusa kama wao. Alimsalimia Tupokigwe kwa Kinyakyusa, akamwuliza habari za shamba, na Tupokigwe akaitikia kabla hajakumbuka kuogopa.

Winfrida alimweleza Hosea habari yote, ya simu na ya vitu vyake vya nyumbani, na hakuficha kwamba alijivunia hivi vya pili. Alikuwa amebeba baadhi kwenye mfuko.

"Nionyeshe ulivyofanya," Hosea alisema.

Winfrida alikaa mbele ya mama yake, akaanza. Mhindi, kikapu, kifuniko. Mama alitaja. Hosea alikuwa ameketi pembeni, na baada ya muda Winfrida aligundua kwamba hamtazami mgonjwa. Anamtazama yeye.

"Mwalimu, sasa simama nyuma ya mama. Mimi nitashika vitu, wewe usiseme kitu."

Wakaanza upya. Mhindi ulitajwa. Kikapu kilikwama. Tupokigwe aligeuza kichwa kumtafuta binti yake, akarudi kukitazama kikapu, midomo ikafanya kazi bila sauti. Hosea alingoja bila haraka, akaandika, akaendelea. Jembe lilikuja. Kifuniko hakikuja kabisa. Jani la mgomba liliitwa kwa jina la ndizi. Nyuma ya kiti, Winfrida alijikuta ameubana mfuko kifuani.

Mama alipokuwa anapewa chai, Hosea alimwita pembeni.

"Ulikuwa unamsaidia," alisema. "Akikwama, mdomo wako unaanza kuliumba neno. Silabi ya kwanza anaisoma kwako."

"Sikujua."

"Hakuna anayejua. Mke anafanya, mtoto anafanya, hata mimi mwaka wangu wa kwanza nilifanya. Siyo kosa, na siku za mazoezi nitakuomba ufanye hivyohivyo, maana inasaidia. Lakini leo tunapima."

Winfrida alitazama dirishani, magari ya wagonjwa yakipishana. Alikuwa amesafiri kutoka Kinyala kuja kuthibitishiwa ushindi. "Kwa hiyo simu ilikuwa sahihi?"

"Nani kasema?" Hosea alivuta kiti. "Nyie wa Kinyala mnauza chai. Ukipeleka kikapu kilekile mara mbili kituoni, mizani ikasema namba mbili tofauti, utasemaje?"

"Mizani mbovu."

"Hiyo ndiyo simu ya kaka yako. Kilimani chuo kikuu, barazani mtoto wa shule ya msingi. Sasa ipo mizani nyingine, mbaya zaidi. Hiyo inatoa namba ileile leo na kesho, kumbe mwenye nayo ameiwekea kidole chini. Haiyumbi, lakini haisemi kweli. Hiyo ilikuwa ya kwako. Wala simu isingepona hata kama isingeyumba, kwa sababu haikuwa inapima maneno ya mama. Ilikuwa inapima matamshi ya Pwani, mtandao, na kuzoea kuongea na kioo."

"Na ya kwako?"

Hosea alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Swali zuri. Ndiyo maana leo sikupi jibu. Nitampima kwa njia kadhaa, kisha mtarudi wiki ijayo nimpime tena, asubuhi kama leo, akiwa amepumzika. Majibu yakikaribiana, tutazungumza. Yakiachana, nitakwambia kwamba bado sijui."

Alimpima mpaka karibu na mchana. Haikuwa kutaja vitu tu. Alimpa maagizo, kwanza mepesi, kisha magumu: gusa sikio, kisha nipe kalamu iliyo chini ya kitambaa. Alimwonyesha picha ya watu sokoni, akamwomba aeleze kinachotendeka. Alimsimulia kisa kifupi na kumwuliza maswali ya ndiyo na hapana. Yote kwa Kinyakyusa, kisha, baada ya mapumziko, kwa Kiswahili, na masiwa kwake yalikuwa maziwa.

Walipokuwa njiani kurudi, walisimama Kiwira kununua viazi. Winfrida alikuwa anajiuliza kama amwambie Prosper habari ya mdomo wake. Hakuna aliyekuwepo isipokuwa Hosea. Angeweza kusema tu kwamba kipimo kinaendelea. Walipofika nyumbani, kaka yake akatoka nje kuwapokea, na Winfrida akamwambia kabla hajavua viatu.

"Nilikuwa namsaidia bila kujua. Ile asilimia niliyokuwa nayo ni ya uongo. Kuna maneno hana."

Prosper hakusema "nilikwambia." Alimpokea mfuko wa viazi. "Safari ya pili nitakuja," alisema.

Akaja. Alikaa nyuma ya mama yake, mikono ameibana katikati ya magoti, akasikiliza kila kimya kinavyopita. Lilipokuja swali la picha ya sokoni, Tupokigwe alieleza kwamba mwanamke huyu amekasirika kwa sababu yule anampunja, na akatumia maneno machache, mawili kati yake si yenyewe, lakini Hosea alielewa, Winfrida alielewa, na Prosper, aliyekuwa ameiona picha ile bila kugundua kwamba kuna anayepunjwa, aliinama kuitazama vizuri zaidi.

Hosea aliweka karatasi mbili kando kando. "Zinakaribiana," alisema. "Sasa naweza kusema."

Alimgeukia Tupokigwe, siyo watoto. Alimwambia kwa Kinyakyusa, polepole, na Winfrida na Prosper walisikia kama watu wanaosikiliza mazungumzo ya wengine. Alimwambia kwamba kuelewa kwake kuko imara. Maneno mengi yangalimo, ila njia ya kuyafikia imeharibika, na njia ya Kiswahili imeharibika zaidi ya ile ya Kinyakyusa. Mazoezi yatarudisha mengi. Mengine hayatarudi, na hakuna anayeweza kusema leo ni yapi. "Wala huna maneno ya mtoto," alimaliza. "Mtoto hajayapata bado. Wewe unayo, unayatafuta."

Tupokigwe alisikiliza mpaka mwisho. "Ndaga fijo," alisema. Asante sana. Ilitoka nzima.

Prosper aliuliza lile lililomleta. "Daktari, anaweza kuishi kwake?"

"Mimi si daktari. Na kipimo cha maneno hakijibu swali hilo, kiwe changu au cha simu. Hilo lina maswali yake. Anatembeaje kwenye utelezi? Anaumudu moto? Akipatwa na jambo, anaitaje msaada? Mguu wake ule unanitia wasiwasi kuliko ulimi. Tena jiulize, huko Dar atazungumza Kinyakyusa na nani mchana, wewe ukiwa kazini?" Alifunga faili. "Na aliyepaswa kuulizwa kwanza amekaa hapa."

Kikao cha ukoo kilikuwa Jumamosi, mvua nyembamba ikinyesha. Mjomba Asajile alikuja na koti lake la kanisani, akaketi kwenye kiti kikubwa, akaomba dua, akasema ameliona jibu la mtoto wa miaka minne kwenye simu na limemnyima usingizi. Beatrice alikuwepo. Winfrida alisimama na kueleza yote, la simu, la vitu vyake, la mdomo wake, na la Hosea. Alitamani kuanzia pale pasemapo kuelewa kwa Mama ni imara, na kuishia hapohapo. Alijilazimisha kusoma na sehemu ya pili, kwamba kuna maneno hayatarudi. Alipoisoma, alimwangalia mama yake, na mama yake alimwashiria kwa kidevu aendelee.

Kisha Prosper akasimama. Alisema lile jibu la kwanza alilituma yeye, na lilikuwa si kweli, na ameshaandika hivyo kwenye kundi asubuhi ile ili kila aliyelisoma alisome na hili. "Hofu yangu bado ninayo," alisema. "Hiyo haikutoka kwenye simu."

"Dada," Mjomba Asajile alimgeukia Tupokigwe, "wewe unasemaje?"

Tupokigwe alikaa wima. "Mimi," alisema. "Mimi si... si..."

"Hujisikii vizuri," Asajile alimsaidia.

Tupokigwe alitikisa kichwa. "Si..."

"Si mzima, dada. Tunajua."

"Mjomba," Winfrida alisema, "tumngoje."

Wakangoja. Mvua ilisikika kwenye bati. Prosper alitazama sakafu. Ilichukua muda ambao kila mtu pale, kwa upole wake, angependa kuujaza, na hakuna aliyeujaza.

"Sihami," Tupokigwe alisema.

Alipumua, akaendelea, kwa Kinyakyusa, akikata maneno kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Dar hapajui. Hapa, akikosa jina la kitu, anakwenda kukichukua chenyewe. Shamba anaweza nusu, nusu nyingine alime mtu mwingine. Kanisani ataimba, kwa sababu nyimbo hazikuondoka. Hapo Beatrice aliitikia kwa sauti, na ni kweli, alikuwa amemsikia Jumapili iliyopita akiimba ubeti mzima bila kukwama.

"Na ukiungua, Mama?" Prosper aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Utamwita nani?"

Tupokigwe alifungua mdomo, akatafuta, hakupata. Aliinuka, akaenda jikoni akiburuta mguu. Walimsikia anasogeza vitu. Kisha ukaja mlio wa mwiko kwenye sufuria tupu, mkali, wa haraka, usiokoma. Mbwa wa jirani akaanza kubweka. Alirudi na vyote viwili mkononi, akaketi.

"Hii," alisema, "haina... seta."

Asajile ndiye aliyecheka kwanza, kisha wote, na Prosper akacheka huku akijifuta uso. Beatrice alisema mlio huo atausikia hata akiwa bondeni, na akiusikia atakuja mbio na watu wake. Winfrida alisema ataomba uhamisho wa shule ya karibu, na hadi utakapopatikana atakuwa anakuja kila mwisho wa wiki na kumpeleka kwa Hosea kila mwezi. Prosper aliomba apewe zamu ya jioni ya mazoezi. Atapiga simu kila siku baada ya kazi, ya video mtandao ukikubali, ya sauti usipokubali, na watafanya mazoezi ya kutaja kwa dakika chache, kwa Kinyakyusa, hata kama chake yeye kimechakaa.

"Mimi nitakuwa mwanafunzi," alisema.

"Kumi na moja," alisema mama yake.

Hayakuwa mepesi yaliyofuata. Zilikuwepo wiki ambazo Tupokigwe alirudi nyuma, akakasirika, akatupa kikombe. Uhamisho wa Winfrida ulichelewa, akakataliwa mara ya kwanza, akaomba tena. Jina la marehemu mumewe lilimpotea Tupokigwe kwa muda mrefu, akawa anaionyesha picha yake ukutani. Hosea aliwaambia wasihesabu siku moja moja. Lakini vipimo vya Mbeya vilipanda pole pole, na kwa kuwa vilikuwa vimeshuka kidogo mara moja katikati, Winfrida aliviamini zaidi.

Ila hayo yalikuwa mbele. Asubuhi ya Jumapili baada ya kikao, Prosper alikuwa amebakiwa na siku moja kabla ya basi. Hakwenda kanisani. Alikata miti mirefu iliyonyooka pembeni mwa shamba, akachimba mashimo kuanzia mlango wa nyuma mpaka chooni, pale ambapo udongo mwekundu hugeuka sabuni mvua ikinyesha. Winfrida aliporudi kutoka ibadani alibadili nguo, akaja kushikilia nguzo wakati kaka yake anashindilia mawe. Walifanya kazi bila kuongea sana, mvua ikiwalowesha migongo. Kila nguzo iliposimama, Prosper aliiegemea kwa uzito wake wote, akaitikisa, na iliyoyumba aliing'oa na kuichimbia upya.

Tupokigwe alikuwa amesimama mlangoni na kanga kichwani. Ufito wa kwanza wa kujishikia ulipopigiliwa kwenye nguzo, alishuka ngazi, akaushika kwa mkono wa kulia, akaanza kuufuata.